Mkwe, Usigeuke

Niseme hili kwanza lisije likanikwama kooni: suruali ilikuwa mwilini. Mungu ni shahidi, na Damaris mke wangu ni shahidi, ingawa siku hizi hataki kuwa shahidi wa jambo langu lolote. Suruali ya suti ilikuwa mwilini na mshipi umefungwa. Kilichoanguka ni kitambaa. Lakini nani anasikia hayo? Watu wa Gesima wameshaamua walichoamua.

Mimi ni Zachariah Ogoti, mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili darasa la saba na la nane mpaka vumbi la chaki likanipa kikohozi, na sasa nachuma majani chai yangu mwenyewe. Ila watu hawanijui kwa hayo. Wananijua kwa maikrofoni. Kwa miaka thelathini, kuanzia Gesima mpaka Ikonge, hapakuwa na harusi wala ekerorano, ile siku wazazi wa mvulana na wa msichana wanapoonana rasmi, ambayo sikuiendesha mimi. Jina langu la jukwaani ni Kitasa.

Kitasa alikuwa mtu wa redio. Zamani nilidhani kila mtu anamjua. Nimejifunza kwa uchungu kwamba hamumjui, kwa hivyo nivumilieni.

Kwetu tulikuwa Wasabato wa kweli. Ijumaa jioni redio ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna mkono ulioigusa mpaka jua la Jumamosi lizame. Kipindi cha Kitasa kilianza saa moja kamili. Majirani walijaa sebuleni kimya, tata, baba yangu, akisimama uani kutazama jua, kisha mama akaanza ombi la kufunga Sabato. Ai, ombi la mama lilikuwa refu! Aliombea mpaka ng'ombe wa jirani. Sisi watoto tulikuwa tukiitikia "Amina" mapema ili kumsaidia afike mwisho.

Kati ya michezo yote, mmoja ndio ulioshinda. Kitasa amekwenda ukweni, mvua imemnyeshea, amepewa shuka ajifunge wakati suruali inakauka jikoni. Mama mkwe amempa mgongo, anamimina uji. Shuka inanasa kwenye msumari. Tunasikia kitu kinachanika, kimya kidogo, halafu ile sauti yake ya puani: "Mkwe, usigeuke!" Na kikombe kinaanguka, pa!

Tulicheka mpaka tukalia. Tata alicheka, na mke wa kaka yangu mkubwa alicheka, wamekaa chumba kimoja, na hakuna aliyeaibika. Hilo si jambo dogo. Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile haya ambayo ndiyo heshima yenyewe. Baba na mke wa mwanawe hawafanyiani mzaha, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao kabisa. Lakini redio haina macho. Kila mtu alimwona Kitasa kichwani mwake peke yake, na hakuna aliyejua mwenzake ameona nini. Nimekuwa na miaka zaidi ya arobaini ya kulielewa jambo hilo, na siku nilipolihitaji likanitoka.

Basi hayo maneno mawili ndiyo yaliyonipa jina. Kwenye sherehe, mkwe yeyote akiinuka kwenda kunawa, mimi naita kwa sauti ya puani, "Mkwe, usigeuke!" na hema zima linalipuka. Rafiki yangu Ochoki ndiye aliyekuwa akianza, kwa kicheko chake kile cha kuwavuta wengine. Ochoki tulimzika mwezi wa nne.

Mwezi wa nane ikafika zamu yangu mwenyewe. Walter, kifungua mimba wangu, anayefanya kazi ya ofisi Kisii mjini, alikuwa amempata Mokeira, binti ya Thadeus Nyangate wa Kiogoro. Mokeira anauza mbegu na dawa za mifugo katika agroveti moja pale Ikonge. Mara ya kwanza alipokuja kwetu alinikuta natoka shambani na kikapu cha majani mgongoni. Akatoka njiani, akasimama kando kwenye nyasi zenye umande na viatu vyake vizuri, akainamisha kichwa mpaka nikapita. Msichana wa siku hizi! Nilimwambia Damaris, Walter akimpoteza huyu, mimi namkana.

Alhamisi kabla ya wageni kufika, Walter akapiga simu.

"Tata, Jumapili MC ni Job, tunafanya kazi naye. Wewe ni baba. Toa salamu, wakaribishe wageni, ukae. Na tafadhali, usilete Kitasa."

"Kitasa amekukosea nini?"

"Hakuna anayemjua, tata. Siku hizi watu hucheka kwa kukuheshimu."

Hiyo ilinichoma. Miaka thelathini, kumbe nachekewa kwa heshima, kama mtoto anayeimba kanisani! Nikamjibu, "Nimesikia." Kusikia si kukubali, na hakuna anayelijua hilo kuliko mwalimu. Nikalala nimekasirika, nikaamka nimekasirika. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili wakaja kuona boma, watu ishirini na wanne, Thadeus mbele na fimbo yake, mkewe nyuma, na vijana wengi. Job akashika maikrofoni. Mimi sikuelewa hata neno moja la kijana yule. Alikuwa anasema sijui "wasee, form ni gani," anataja watu wa kwenye simu, anatingisha bega moja, na vijana wanaanguka wakicheka. Hata Damaris alicheka! Nikamuuliza anacheka nini. Akasema, "Sijui, baba Walter, lakini si anafurahisha?" Nilikaa pale nimevaa suti, nyumbani kwangu mwenyewe, nikajiona mgeni. Nilikuwa na wivu, niseme ukweli. Wivu wa mtu mzima kwa kijana ambaye hata ndevu hajajaza.

Job akaniita. "Sasa mzazi wetu, dakika tano."

Nilisalimu vizuri. Nilikaribisha vizuri. Ningekaa hapo, leo ningekuwa mtu. Lakini mama Mokeira akainuka kwenda kuchukua maji, na mdomo ukaenda wenyewe. "Mkwe, usigeuke!"

Mama wa watu akageuka, akaniuliza kwa adabu, "Nimekosea, mwalimu?"

Nilimtafuta Ochoki kwa macho. Haki ya Mungu, nilimtafuta, kisha nikakumbuka. Wazee wawili wa kwetu walitabasamu wakitazama chini. Msichana mmoja akamuuliza mwenzake, "Ni TikTok ama?" Job, mtoto wa watu, akajaribu kuniokoa. "Hiyo imetupita juu, mzazi wetu, lakini ni sawa! Tumpigie makofi!" Wakapiga. Makofi ya huruma. Afadhali wangenizomea.

Damaris alinivuta koti. Nilimwondoa mkono.

"Hapana," nikasema. "Ngojeni niwaeleze." Nikaanza kueleza. Nilieleza redio, nikaeleza Sabato, nikaeleza mvua na shuka. Mzaha unaoelezwa ni chai iliyopashwa mara tatu, hata mimi nilisikia imechacha, lakini kadiri walivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kupandisha sauti. Walter alikuwa ameshika kichwa. Nikajiambia, hawa ni watu wa kuona, hawana masikio, basi nitawaonyesha.

Nikatoa kitambaa cha kufuma kwenye kiti, nikajifunga kiunoni juu ya suruali. Nilihitaji mama mkwe. Sikumwita mama Mokeira, hilo nililiogopa, angalau nilibakiza akili kiasi hicho. Nikamwita Mokeira.

"Njoo hapa. Shika kikombe hiki cha uji. Wewe ndiye mkwe."

Alimtazama Walter. Alimtazama baba yake. Kisha akaja, kwa sababu mzee amemwita na yeye amelelewa. Akasimama nilipomwonyesha, kikombe mkononi kinatetemeka, macho chini. Nikaona kinavyotetemeka. Nikaendelea.

Nikafungua kitambaa, kikaanguka. Nikainama kukiokota huku nimempa yeye makalio, nikaita kwa sauti kubwa ya puani yale maneno mawili. Na vijana wakacheka! Hatimaye wakacheka, na mimi, mjinga wa kutupwa, nikafurahi. Nilifurahi pale nilipoinama.

Nilipoinuka, nikaona sura za wazee. Hakuna mzee aliyecheka. Mokeira alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, kikombe kiko chini, uji umemwagikia viatu vyake. Akatoka mbio kuelekea nyuma ya nyumba, mama yake akamfuata. Hapo ndipo ile chinsoni niliyolelewa nayo ilinirudia yote kwa mara moja. Nilitamani ardhi ipasuke. Mke wa mwanangu, mbele ya baba yake, na mimi nimemfanyia vile!

Thadeus hakufoka. Alichukua fimbo yake, akasema, "Tulikuja kuona boma. Tumeona." Wakaondoka wote bila kuonja kitu. Chakula cha watu ishirini na wanne kililala kwenye sufuria.

Mzaha mzaha hutumbua usaha, nilikuwa naandika ubaoni kila muhula. Wanafunzi wakiuliza maana, nawaambia watafikia umri wataelewa.

Baada ya wiki mbili nilikwenda Kiogoro na mchungaji wetu, nikaomba msamaha mbele ya wazee wao nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Thadeus alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, sisi wazee tumekusamehe. Lakini si sisi uliotuita pale mbele. Msichana hajasema ndiyo wala la. Muulize mwenyewe." Kwa hivyo ndoa ya mwanangu ilibaki hapo, mikononi mwa Mokeira, na neno la kuifungua lilikuwa langu. Walter aliacha kuja nyumbani Sabato. Akipiga simu anasema, "Nipe mama."

Nilipanga maneno siku tatu. Nilichuma chai nikiyapanga. Nilitaka kumwambia: binti yangu, nilikuona unatetemeka na sikuacha. Hilo ndilo kosa langu, si kitambaa. Niliogopa kuwa mzee asiyechekwa, nikakufanya wewe ngazi. Uolewe na Walter au usiolewe, wewe hukuaibika, niliaibika mimi. Nilitaka asikie neno "nilikuona." Nilijua hilo ndilo analongoja.

Kitu kimoja sikukijua. Mimi simu yangu ni ya kubonyeza. Kumbe siku ile simu za vijana zilikuwa juu zikinirekodi, na kile kitendo changu kilikuwa kimetembea kuliko mimi. Nilishuka Ikonge Jumatano saa sita mchana, siku ya soko, nikaona waendesha boda boda wanagusana viwiko. Mmoja akainama, akajishika kiuno. Nikadhani ana maumivu.

Mokeira alikuwa anatoka agroveti kwenda kula, mkoba begani, peke yake. Nilimfuata, lakini yeye ni kijana na magoti yangu ni haya, akawa ananiacha. Kumwita jina lake tupu mbele ya soko niliona si adabu, baada ya yote niliyomfanyia. Nikatafuta neno la heshima. Nikaita, "Mkwe!"

Na soko zima likanimalizia. "USIGEUKE!" Waendesha boda boda, wauza ndizi, wasichana wa M-Pesa, sijui hata walikuwa wangapi, kwa sauti moja ya puani, yangu kabisa, kuliko hata ninavyoweza mimi. Wakacheka wakishikana mabega. Wote walijua. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuelezwa.

Mokeira alikuwa amesimama. Nilimwona mabega yakipanda na kushuka, akipumua. Nilikuwa hatua kumi nyuma yake, maneno yangu yote yako tayari, mdomo wazi, na sikuweza kusema, kwa sababu chochote ambacho ningesema kingewapa wale kicheko kingine, na angekuwa ni yeye tena katikati. Nikaomba kimoyomoyo, ombi fupi kuliko yote ya mama yangu: Nyasae, Mungu wangu, ageuke tu. Akigeuka ataniona uso.

Alivuta mkanda wa mkoba begani. Kisha akaendelea na njia yake, polepole, hakukimbia, na nilimtazama mgongo mpaka akapinda kwenye kona ya posho mili.