Mstari wa Panya

Gazeti lilikuja na maharage. Siku zile magazeti yalikuwa yamezuka mengi, kila mwezi jina jipya, na Zamda, jirani yetu sokoni Makambako, aliyanunua kwa kilo ili afungie wateja vitu. Mama hakujua kusoma. Mimi nilimaliza darasa la saba, basi kabla ya karatasi kuwashiwa moto, nilikuwa namsomea.

Siku ile ilikuwa Jumanne. Alhamisi mama alitakiwa alazwe Njombe, akatwe titi lenye uvimbe. Tangu apewe barua ya daktari, alikuwa hali wala halali.

"Prisila, hapo wameandika nini?"

Waliandika kwamba huko Ulaya wataalamu wanatengeneza chanjo ya saratani. Inabebwa na chembe ndogo mno, hata vumbi la unga ni kubwa kwazo. Zikiingia mwilini, zinawaonyesha askari wa damu alama ya ugonjwa, nao wakishaijua wanaushambulia wenyewe. Halafu: panya waliochanjwa walipona.

Nikasoma, "Waliochanjwa walipona."

Nilitaka tu apate usingizi, aende Njombe na moyo mwepesi.

Mama akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Kama sindano inakuja, kisu cha nini? Alhamisi siendi."

"Mama, nenda kwanza."

"Nenda wewe, ukaache la kwako."

Zamda, aliyekuwa akipima maharage pembeni, akacheka, nami nikacheka. Hapo ndipo ningesema. Sikusema, na kila wiki iliyopita ilizidi kuniwia vigumu. Mahindi yakavunwa. Uvimbe ukapasuka.

Mwezi wa nane wauguzi walikuja mtaani kuchanja watoto. Mama alivaa gauni la kanisani, akajitanda kanga yake, akapanga foleni katikati ya wanawake wenye watoto mgongoni. Nilisimama nyuma yake.

"Kamwene, bibi," nesi Idda akamwamkia. "Mjukuu yuko wapi?"

"Nimejileta mwenyewe." Akafungua pindo, akampa karatasi.

Wanawake wakaangua kicheko. Nesi hakucheka. Alisoma kwa sauti, polepole, maana kwenye mikunjo maandishi yalishafifia. Alipofika kwenye panya, mama aligeuka akanitazama.

Kesho yake tulipanda basi. Daktari wa Njombe alimpima, akamlaza, kisha akanifuata nje.

"Ile Alhamisi tungekata," akasema. "Sasa ugonjwa umeshafika kwenye mapafu."

Niliporudi wodini, mama alikuwa ameshatoa karatasi yake.

"Nisomee. Usiruke."

Nikasoma yote. Panya nikawataja.

"Walipona wote?"

"Hawajaandika, mama."

"Panya wa wenzetu wana kazi. Wa kwetu wanatumalizia mahindi tu." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Nifunike, mwanangu. Njombe baridi."

Nikamvutia blanketi mpaka shingoni. Karatasi ilikuwa bado mkononi mwangu, sikujua niiweke wapi.