Nani Atawalisha Samaki wa Shangazi?

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho cha kazi tu. Kwingine kote alikuwa Shangazi. Watoto wa kaka yake walimwita hivyo kwa haki yao, mama yao akalidaka jina, kisha majirani, kisha wagonjwa waliofika na mashavu yaliyovimba kwenye kliniki ya meno alikokaa mapokezi. Hata daktari, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akichungulia mlangoni na kusema, "Shangazi, niitie anayefuata."

Na anayeitwa shangazi na kila mtu hubebeshwa mzigo wa kila mtu. Kaka yake akisafiri, watoto walilala kwake. Wifi akiugua, yeye ndiye aliyepika. Bomba likipasuka nyumbani kwao, yeye ndiye aliyeomba ruhusa kazini akaketi kumsubiri fundi. Mume hakuwa naye, mtoto hakuwa naye, kwa hiyo watu waliamini kwamba na muda wake pia hauna mwenyewe.

Kitu kimoja tu kilikuwa chake: tangi la kioo lililokaa sebuleni juu ya meza ya chuma, lenye samaki wadogo wa rangi na mmoja mnene wa manjano aliyemwita Bosi, kwa sababu alikuwa akitembea polepole na wenzake wakimpisha. Jioni Shangazi alivua viatu, akaketi mbele ya tangi, akasikiliza pampu ya hewa ikinong'ona. Hakuna samaki hata mmoja aliyewahi kumtuma dukani.

Jumapili moja, wakiwa mezani kwa kaka yake, aliweka kijiko chini akasema, "Shule zikifunga, nakwenda likizo."

"Likizo ya wapi?" aliuliza kaka.

"Milimani. Nimepata chumba kwenye nyumba ya wageni."

"Kuna nani huko?"

"Hakuna mtu."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kukaa."

Wifi alicheka akidhani ni utani. Kaka hakucheka. "Haiwezekani. Shule zikifunga sisi tunakwenda kwao mke wangu. Watoto wanakuja kwako, kama siku zote."

"Hamkuniambia."

"Tukuambie nini? Kwani ni lini hukuwapo?"

Aliyesema hakuyapima maneno yake, lakini yalimwingia Shangazi kama mfupa kooni. Wifi, akitaka kupoza, akayakoleza: "Na wale samaki wako je, wifi? Utawaachia nani? Si watakufa?"

"Nilitaka kuwaomba nyinyi mpite mkawape chakula. Kidogo tu."

Hapo ndipo kaka alipocheka, hadi akafuta machozi. "Mimi na ndevu zangu hizi nikalishe samaki wasioliwa? Wakaange, mambo yaishe!"

Watoto nao wakacheka, maana baba yao alikuwa akicheka. Shangazi alisimama akachukua sahani yake. Safari hii aliosha ya kwake tu. Akarudi mlangoni akasema, "Nitakwenda. Na samaki wangu nitawakuta hai."

Kusema ni rahisi. Kazini kila mtu alikuwa na safari yake. Akamjaribu bawabu wa jengo alimoishi, mtu mwema mwenye moyo laini kama mkate uliolowa. Akamwonyesha: unabana punje za chakula kwa vidole viwili, unanyunyiza, basi. Akamwachia siku moja ya majaribio. Aliporudi kutoka kazini alikuta maji yamekuwa kama uji na kopo la chakula limebaki nusu.

"Bawabu, umefanya nini?"

"Shangazi, walikuwa wananitazama! Kila nikigeuka wananitazama. Nikasema hawa wana njaa."

"Samaki hawafi kwa njaa haraka. Wanakufa kwa huruma," alisema Shangazi, huku akichota maji kwa ndoo na kuyabadilisha.

Alipokuwa akishusha ndoo hiyo ngazini, alikutana na mtu ambaye hawakuwa wakisalimiana: Mama Kufuli wa ghorofa ya chini. Jina hilo alilipata kwa kufunga lango la ngazi mapema kila jioni, na aliyechelewa alilala alikojua mwenyewe. Walikuwa wamegombana kwa sababu ya ndoo hizihizi, maji yalipomwagika mbele ya mlango wake. Shangazi alimtazama yule mama akiwa amesimama na rundo la funguo kiunoni, uso mkavu, na akafikiri: huyu hata ukimlilia hatikisiki. Akameza kiburi chake.

"Jirani, nina shida."

"Shida gani?"

"Samaki."

"Wamefanya nini?"

Shangazi akamweleza yote, hata yale ya kucheka kwa kaka yake, ambayo hakukusudia kuyasema. Mama Kufuli alisikiliza, kisha akapanda naye juu. Hakulitazama tangi kwanza. Alitazama mlango.

"Huu una funguo ngapi?"

"Mmoja ninao. Mwingine uko kwa kaka. Na wifi naye anao, kwa dharura."

"Basi huo si mlango, jirani. Ni pazia."

Akashuka, akarudi na komeo na kufuli zito, akamwita fundi mbao wa jirani likafungwa mchana uleule. Ufunguo mmoja kwa Shangazi, mmoja kwake. Ndipo akajifunza kubana chakula kwa vidole viwili, bila kuzidisha hata punje.

"Na wakikutazama?" aliuliza Shangazi.

"Wapangaji wananitazama miaka yote. Samaki ndio wataniweza?"

Shangazi akaondoka.

Milimani kulikuwa na ukungu asubuhi na baridi ya kutaka sweta mbili. Siku ya kwanza hakujua mikono yake aiweke wapi. Alipomaliza chai alibeba kikombe kwenda kukiosha, mhudumu akakimbia kumpokonya: "Mama, umekuja kupumzika au kutafuta kazi?" Akaketi barazani akiwa na aibu, kama mtu aliyekamatwa akiiba. Siku ya pili aibu ilipungua. Siku iliyofuata alilala hadi jua likapanda, na alipoamka alijikuta akiimba.

Simu ikalia. Kaka.

"Dada, pole sana. Rudi. Samaki wako wamekufa."

"Wamekufaje?"

"Wote. Wanaelea matumbo juu. Yule mnene ndiye wa kwanza. Harufu tupu! Nilikwambia mimi, mambo haya si ya kuachia watu baki. Panda basi la leo uje usafishe."

Shangazi alikuwa amekwisha kuvuta begi kutoka chini ya kitanda. Alishika gauni moja, akalikunja, na katika kulikunja akasita.

"Kaka, umewaona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu haya. Nimesimama mbele ya tangi kabisa."

"Umeingia kupitia wapi?"

"Nimeingia kwa mlango, niingie wapi tena? Si nina ufunguo?"

Shangazi akaketi kitandani. Hasira ilikuja polepole, kisha ikamjaa hadi masikioni, lakini sauti yake ilitoka tulivu hata mwenyewe akaishangaa. "Mlango wangu una kufuli jipya, kaka. Ufunguo huna. Sasa niambie tena, umewaona wapi hao samaki?"

Kaka akabadilisha sauti. "Sikiliza. Kesho tunasafiri. Hawa watoto tutawaacha na nani?"

"Msiwaache. Nendeni nao."

"Wasumbufu njiani, unawajua!"

"Nawajua. Ninyi ndio hamuwajui. Nawapenda wanao, kaka, Mungu ananiona. Lakini sikuwazaa. Ungeniambia ukweli ningekujibu vizuri. Umeniulia samaki kwa mdomo ili nirudi niwe yaya wako?"

"Basi usinihesabu tena kuwa ni kaka yako."

"Hilo utalifikiria mwenyewe," alisema, akakata simu.

Alilia, hilo halifichiki. Alilia kwa sababu walikuwa wawili tu waliobaki wa mama yao. Lakini alipomaliza alilirudisha begi chini ya kitanda, akanawa uso, akaenda kwa mwenye nyumba akaomba aongezewe siku moja.

Alipompigia Mama Kufuli kesho yake alipata habari kamili. "Alikuja jana jioni. Akalitikisa kufuli mpaka majirani wakatoka. Akaniambia yeye ni ndugu. Nikamwambia ndugu wa kufuli ni ufunguo."

Siku ya kurudi, Mama Kufuli alimpokea ngazini na jambo la kusema. "Mmoja alikufa. Yule mdogo mwenye mistari. Sikukupigia simu. Ungerudi kuja kuzika?"

Shangazi aliinamia tangi. Maji yalikuwa safi. Bosi alikuja hadi kwenye kioo, mnene vilevile, akageuka kwa madaha. Alimsikitikia yule wa mistari, kwa kuwa alikuwa akimpenda. "Umefanya vizuri kutonipigia," alisema.

Wiki zikapita. Kisha Jumapili moja mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, amesimama na watoto, uso ukitazama pembeni kama mtu aliyetumwa.

"Ulituharibia safari," alisema badala ya salamu.

"Mlisafiri au hamkusafiri?"

"Tulisafiri nao."

Yule mdogo alishindwa kungoja. "Shangazi! Tulimwona bibi! Kumbe anatujua majina! Akasema siku zote anauliza kwa nini hatuletwi!"

Kaka alikohoa. Shangazi alimtazama mtoto, kisha baba yake. Watoto wakapita chini ya mkono wake, wakaenda kubandika pua zao kwenye tangi.

"Msigonge kioo!" aliwaambia.

"Nipe ufunguo wa hilo kufuli," kaka alisema kwa sauti ya chini. "Kwa dharura tu."

"Utagonga kama ulivyogonga leo. Nikiwepo nitafungua."

"Na mwakani shule zikifunga?"

"Mwakani pia nakwenda. Safari hii kwa siku nyingi zaidi."

Shangazi aliuacha mlango nusu wazi, akaenda kuwaonyesha watoto namna ya kubana chakula kwa vidole viwili. Aingie au aondoke, hilo alimwachia yeye.