Ng'ombe wa Tahadhari

Katika kijiji kimoja cha Makwale, ambako mpunga umezunguka nyumba na kakao huanikwa mlangoni, aliishi fahali mweusi aliyekuwa na kazi moja tu hapa duniani: kumsubiri Dainess afe.

Hakuna aliyethubutu kulisema hilo. Baba yake, Gwamaka, alimwita "ng'ombe wa tahadhari", kama mtu anayezungumzia ndoo ya mchanga iliyowekwa karibu na jiko la mafuta. Lakini kila mtu alijua. Dainess alizaliwa na sikoseli. Kaka yake Isack, aliyezaliwa nayo pia, alizikwa mwaka wa mafuriko bila kuchinjwa hata mbuzi, na waombolezaji wakala maharage. Kwa Wanyakyusa, msiba usio na ng'ombe ni misiba miwili. Wa kwanza huisha marehemu akishazikwa. Wa pili hauishi, kwa sababu watu hawaachi kuusimulia. Gwamaka akaapa. Mtoto mwingine angeweza kumfia, hilo ni la Mungu, lakini maharage yasingepikwa tena.

Na kwa kuwa familia ile ilijua kugawana kazi kwa haki, aliyekabidhiwa kumlisha fahali alikuwa Dainess mwenyewe.

Aliipokea heshima hiyo kwa unyenyekevu mkubwa. Akampa fahali jina: Rambirambi. Mama yake, Catheline, alipolisikia alidondosha ungo wa mchele.

"Dainess! Jina gani hilo?"

"La kiofisi, mama. Kulingana na majukumu yake."

Kila likizo, na kila aliporudishwa kutoka shule ya bweni kwa ajili ya maumivu (na mara moja kwa ajili ya mbuzi aliyeonekana gwarideni amevaa tai ya mwalimu wa zamu), Dainess alishika mundu akaenda kukata majani. Majani mazuri yaliota pembezoni mwa majaruba, ndani ya maji. Muuguzi Georgina, aliyehamishiwa kituo cha afya kutoka Bukoba, alikuwa amemkataza.

"Baridi ndiyo inayokuamshia maumivu. Meza dawa, kunywa maji mengi, kaa mkavu. Nimewahi kuhudumia wenye ugonjwa wako wana wajukuu."

"Sasa nesi, nikikaa mkavu, msiba wangu utalishwa na nani?"

Georgina hakucheka. Ilikuwa kasoro yake pekee.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, Dainess alikata majani maji yakiwa magotini. Kabla hajafika nyumbani mifupa ikaanza. Ilikuwa kama mtu anapasua kuni ndani ya mapaja yake, taratibu, bila haraka ya kumaliza. Gwamaka alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, akilia njia nzima. Na katikati ya kilio hicho akageuka na kumwuliza Catheline, aliyekuwa akiwafuata nyuma, kama fahali amepewa maji.

Dainess alisikia. Maumivu ya sikoseli yana ubaya huo: hayazibi masikio.

Huenda Gwamaka naye aliyasikia maneno yake mwenyewe, kwa sababu kesho yake alikaa kando ya kitanda akasema, "Mwanangu, ukimaliza kidato cha nne ukiwa mzima, yule tunambadilisha. Nakupa mtamba. Wako mwenyewe."

Mtamba! Wasiofuga wataona ni kubadilisha ng'ombe kwa ng'ombe tu. Lakini mtamba husubiriwa akue, apandwe, azae, ndipo umkamue. Ni miaka. Hapewi mtu ambaye tayari umemwekea fahali. Dainess aligeukia ukutani ili baba asimwone anavyotabasamu. "Ndaga, baba," akasema. Kwa mara ya kwanza maishani alisema asante bila kuongeza kichekesho.

Aliyekuwa na vichekesho ni baba yake mkubwa, Eliud, mwenye kifua kama mlango wa kanisa, ambaye hakuwahi kumeza hata kidonge cha kichwa. Kila alipopita alimpapasa fahali nundu kwanza.

"Kitoweo chetu hakijambo?"

"Hajambo, baba mkubwa."

"Na wewe?"

"Mimi bado nachelewesha shughuli. Mnisamehe."

Eliud alicheka mpaka akashika ubavu. "Usijali, binti. Sisi tuna subira!"

Novemba ikafika. Dainess akamaliza mtihani wa mwisho, akashuka barabarani na sanduku lake, akatembea hadi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, polepole, ili majirani wapate muda wa kutazama. Mtamba alishachaguliwa, wa kahawia mwenye baka jeupe shingoni, kwa rafiki ya baba huko Ndandalo. Wangebadilishana Jumamosi.

Alhamisi, Eliud alianguka juu ya mkeka wake wa kakao akafa. Presha, walisema. Kumbe naye alikuwa na ugonjwa wa kudumu. Hakuwahi kutambulishwa tu.

Gwamaka alikuja zizini akiwa na kamba mkononi, macho mekundu. Dainess akasimama mlangoni.

"Baba, huyu ni wangu."

"Ni wako."

"Basi simtoi."

"Mwanangu, ni wako ukifa. Hujafa. Kaka yangu ndiye amekufa, na kwake hakuna hata ndama. Unataka wale maharage?"

Dainess alikuwa na majibu mengi. Alitafuta moja lenye kuchekesha, akalikosa, akasogea.

Msibani ngoma zilipigwa, wanaume wakacheza, vumbi likapanda. Rambirambi alipoangushwa, Dainess alilia hadi akapiga magoti. Shangazi zake wakatikisa vichwa kwa sifa. "Tazameni anavyomlilia baba yake mkubwa! Mtoto ana upendo huyu." Baadaye wakamletea sahani. Alikula. Nyama ilikuwa laini sana. Marehemu alikuwa amelishwa vizuri.

Matanga yalipokwisha, Gwamaka alirudi kutoka Ndandalo akivuta mnyama wa mkopo. Dainess alitoka mbio, kitu ambacho miguu yake haikupenda. Mnyama mwenyewe alikuwa ndama dume, mweusi.

"Ulisema mtamba."

"Nilisema." Gwamaka hakumtazama. "Lakini umejionea mwenyewe, kifo hakipigi hodi. Huyu ni wa tahadhari tu." Akamnyooshea kamba.

Dainess alimkagua ndama kwa makini kama mganga wa mifugo, akaipokea kamba.

"Anaitwa Gwamaka," akasema.

"Jina hilo lina mwenyewe!"

"Najua, baba. Umesema ni wa tahadhari. Tahadhari ya nani?"

Mzee alifungua mdomo. Ili alikataze jina hilo, ilimbidi kwanza aseme ndama yule ni wa msiba wa nani, na neno hilo alikuwa amelikwepa miaka yote. Akaufunga. Akaingia ndani.

Hadi leo, jioni, majirani wanamsikia Dainess zizini, sauti ya heshima kabisa kama ya binti mwenye malezi mema: "Kula, Gwamaka. Nenepa." Ndani, mzee anakaa mbele ya sahani yake ya wali, na siku hizi hamalizi.