Maundu Hakuinuka

Bendi ya Kapiti Thunder ilipopiga, hakuna mtu aliyethubutu kucheza kabla ya Maundu. Sheria hiyo haikupigiwa kura na yeyote. Ilianza tu mwaka wa tisini na mbili, bendi ilipokuja Kitengela mara ya kwanza, ikapiga wimbo baada ya wimbo mbele ya watu waliokaa kimya kama wamekuja kwa baraza la chifu. Vijana wa bendi walikuwa wameshaanza kutazamana kwa aibu. Ndipo Maundu, fundi wa kuchomelea mageti, akamshika mkewe Phylis mkono, wakaingia katikati na kucheza peke yao mpaka jasho likawatoka, na kabla wimbo haujaisha uwanja ulikuwa umejaa. Ngui, mwenye bendi na mpiga gitaa, akauliza jina la yule bwana na kulitaja kwenye kipaza sauti.

Kutaja majina ndiyo chumvi ya muziki wa Wakamba. Gitaa likishapanda, mwimbaji huwaita rafiki zake mmoja mmoja, fulani wa mahali fulani, na anayetajwa hutembea kifua mbele mwaka mzima. Tangu siku hiyo, hakuna kaseti ya Kapiti Thunder iliyotoka bila Maundu ndani yake: "Maundu wa Kitengela, fundi wa chuma, nakuona!" Mama yake kule Mbooni aliposikia hayo redioni aliacha kiondo alichokuwa akisuka na kuwaita majirani. Wateja walitoka Isinya, wengine hata Kajiado, wakiuliza kama huyu ndiye yule wa kwenye wimbo. Mashabiki wakampa cheo, wakamwita Chairman. Na wewe niambie, mtu akiitwa Chairman na watu wazima wenye akili zao, ana kosa gani akiamini?

Ngui mwenyewe aliuita muziki wake roki. Alikuwa amewahi kuwapigia watalii katika hoteli za Amboseli, na huko alipata kidude cha kukanyaga kwa mguu ambacho kililifanya gitaa lingurume. Wazee walisema ni kelele. Maundu alisema ni chuma kinaongea, na kwa kuwa yeye alishinda na chuma kutwa, watu walikubali kwamba anajua.

Mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua zilizobeba madaraja, habari zikaenea kwamba Ngui amerekodi albamu mpya, *Vumbi Limetulia*, na kwamba ataizindua Kajiado, Jumapili mchana, mbele ya mashabiki wake wa tangu zamani. Maundu alishona suti. Si hiyo tu, alituma nauli Mbooni ili kaka yake mkubwa, Kiema, aje asikie kwa masikio yake. Kiema alikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi alikuwa amemtaja ndugu yake kama mtu anavyotaja jino bovu. Sasa Maundu alitaka akae mbele, asikie jina la nyumba yao likiitwa mbele ya mashabiki wote. Phylis alimwonya, "Baba Muteti, usimwambie mtu kitu kabla hujasikia." Hakusikia. Alikuwa ameshamwambia Kiema, na siku yenyewe akawaambia wote waliokuwa kwenye meza yao kwamba ataitwa.

Bendi ikaanza. Nisiwafiche, ule ulikuwa muziki. Ngui alikuwa ameacha kuzikimbiza nyimbo. Gitaa lilikuja polepole, besi ikalifuata kwa chini kama mtu anayemsindikiza mgeni, halafu kile kidude cha mguu kikakanyagwa na uwanja wote ukatetemeka. Maundu alihisi nywele za mikono zikimsimama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kupiga chini ya meza. Phylis alikuwa ameshaweka kibeti chake kwenye kiti, tayari kuinuka. Maundu akasema, "Ngoja. Aniite kwanza."

Wimbo ukafika pale ambapo majina huitwa. Ngui akafumba macho, akasogea mbele na kuinamia gitaa, na hapo mahali pa majina akapajaza kwa nyuzi tupu. Hakumtaja Maundu, wala mtu mwingine yeyote. Wimbo wa pili ukawa hivyo hivyo, na wa tatu. Kiema akainamisha kichwa upande wa ndugu yake na kuuliza kwa upole, maana walimu hujua kuchoma kwa upole, "Ni huu wimbo, ama ni ule unaokuja?"

Maundu akausimamisha mguu wake. Phylis alipotaka kuinuka alimshika mkono na kumkalisha. Watu wakageuka kumtazama Chairman, na Chairman akakunja mikono kifuani na kutazama paa la mabati juu ya jukwaa. Uwanja ukabaki mtupu. Mwishowe Gichuru, Mkikuyu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyejifunza Kikamba kwa kufuata bendi hiyo, akashindwa kuvumilia. Aliingia katikati peke yake, kitambi mbele, na wachache wakamfuata. Nusu ya watu walicheza na nusu wakakaa, na magomvi yakaanza hapo hapo.

Magomvi hayo yaliigawanya Kitengela miezi mingi. Walioinuka walisema Ngui amekomaa, kwamba huu ndio muziki waliokuwa wakiungoja bila kujua. Waliokaa walisema ametekwa na watu wa Nairobi. Gichuru alikuja mpaka karakana ya Maundu, akasimama kwenye cheche bila miwani.

"Chairman, nini mbaya na hiyo albamu? Niambie kitu moja tu."

Maundu akainua kinga ya uso ya kuchomelea. Angeweza kusema hajui. Angeweza kucheka na kusema ameudhika tu. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Haina moyo," akasema.

Neno hilo lilitembea kuliko bendi yenyewe. Haina moyo, wakasema kwenye vilabu. Haina moyo, wakasema akina mama sokoni ambao hawakuwa wameisikia. Wauza kaseti walianza kuirudisha ile albamu kwa bendi, kwa sababu mteja alikuwa akiishika na kuigeuza, halafu anauliza, "Si hii ndiyo wanasema haina moyo?" Watu husema majuto ni mjukuu. Ya Maundu hayakungoja kizazi cha tatu. Yalimpata wiki hiyo hiyo, alipojitenga chumbani na kuisikiliza ile kaseti kwa sauti ya chini, na Phylis akamkuta amefumba macho.

"Kumbe unaipenda," Phylis akasema.

"Zima hiyo kitu."

"Ulikataa kuinuka juu ya jina tu. Enda umwambie Ngui. Yeye si mtu mbaya."

Hakwenda. Ngui ndiye aliyekuja. Alikuja asubuhi, amekonda, akaketi juu ya rundo la mabomba na kuanza kuuliza habari za watoto. Kisha akaeleza bila kuulizwa kwamba mwenye studio alimkataza kutaja majina, eti majina huufanya wimbo kuwa wa kijiji kimoja. Akasema hakufurahia, lakini alipopiga gitaa mahali pale aliona limefika mahali ambapo halijawahi kufika.

"Hivyo ndivyo niliona mimi," akasema. "Lakini mtu hawezi kunusa mdomo wake. Wewe masikio yako naamini kuliko yangu. Wewe uliinuka siku yenye hakuna mtu alikuwa anatujua. Niambie ukweli, Chairman. Kweli haina moyo?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Alikuwa peke yake na mtu aliyemwamini, mashine imezimwa, na hakuna mwingine wa kusikia. Lakini Maundu aliwaza jinsi neno lake lilivyoenea, na vile Gichuru atakavyocheka, na Kiema kule Mbooni. Akaokota kipande cha chuma na kuanza kukipiga msasa.

"Haina," akasema.

Ngui akaitikia kwa kichwa taratibu, akashukuru, akaenda zake. Mwaka haukuisha kabla bendi haijavunjika. Magitaa yalinunuliwa na kanisa moja huko Nkoroi, na Ngui akahama. Walioinuka na waliokaa wakapata mambo mengine ya kubishania, maana siasa haikosekani. Maundu hakuitwa tena Chairman, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuwa mwenyekiti wake. Hakucheza tena popote, hata arusini. Watu walidhani ni magoti.

Miaka ikapita. Mwaka wa elfu mbili na tano, Muteti, mwana wao wa kwanza, akapata mchumba, na ikabidi wapeleke mbuzi wa ntheo, wale ambao bila hao Mkamba hahesabu kwamba ameoa. Maundu na Phylis wakashuka Bisil siku ya mnada. Mmaasai mmoja, Kisemei, alikuwa na mbuzi wazuri, akawasalimia "Sopa!" nao wakaitikia "Ipa!" vile walivyozoea. Bei ikawa ngumu kidogo, Kisemei akasema hebu amwite dalali wake. Dalali akaja akipangusa mikono kwenye suruali. Alikuwa Ngui.

Alikuwa amezeeka, lakini alicheka kama zamani. Aliwakumbatia wote wawili. Aliwachagulia mbuzi yeye mwenyewe, akiwafunua midomo na kuwapapasa migongo, na alikataa ada yake ya udalali, akisema huyo Muteti alikuwa akilala kwenye boksi la spika akiwa mtoto. Alipomaliza kufunga kamba, akamshika Maundu bega.

"Kuna kitu nimetaka kukuambia siku nyingi," akasema. "Asante. Wengine wote walikuwa wananidanganya, ati nzuri, ati endelea. Ni wewe peke yako uliniambia ukweli. Ningekuwa bado natembea na gitaa, nikijidanganya, watoto wakilala njaa. Nikikumbuka ile albamu siumii, kwa sababu najua haikuwa kitu. Hiyo imenipatia amani."

Phylis akamtazama mumewe. Maundu alijua kwamba akinyamaza sasa, atanyamaza mpaka kaburini. Aliona pia, au alidhani ameona, kwamba mtu huyu anastahili kurudishiwa kilicho chake.

"Ngui, nilikudanganya," akasema. "Hiyo albamu haikuwa na makosa. Nilikuwa nimeleta ndugu yangu asikie ukiniita, na hukuniita. Nilikasirika. Ni hiyo tu. Ni jina."

Maneno yalipotoka, Maundu aliona kifua chake kimekuwa chepesi kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Lakini alipoinua macho, aliona mzigo haukuwa umepotea. Ulikuwa umehamia kwenye uso wa Ngui.

"Jina," Ngui akasema.

"Nisamehe."

Mkono wa Ngui wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi, ulikuwa bado umeshika kamba ya mbuzi, na vidole vilikuwa vikijikunja na kujikunjua. Wachuuzi wakipita na ng'ombe wakilia, akamwacha Maundu na kumgeukia mkewe.

"Na wewe, Mama Muteti? Wewe uliisikia namna gani?"

Phylis alikuwa ameshaanza kulia.

"Ilikuwa nzuri kushinda zote," akasema. "Nilitaka kuinuka, akanishika mkono."

Ngui akaangalia chini kule kwenye samadi na vumbi.

"Basi nilikuwa mwanamuziki," akasema.

Akampa Maundu kamba, akamwita Kisemei kwa Kimaasai, wakaenda pamoja kwa mteja mwingine.