Valvu Kumi na Mbili

Duka la saba nalo halikuwa nayo. Muuzaji aliigeuzageuza valvu kiganjani, akaipuliza, akachungulia ndani kana kwamba bei imeandikwa humo, kisha akamrudishia Mama Spana.

"Mama, hii ni ya enzi za nani? Siku hizi watu wanatumia plastiki. Chukua pampu nzima ya umeme, nitakupunguzia."

"Umeme wenyewe uko wapi?"

"Basi ya sola."

Mama Spana aliifunga valvu yake kwenye kitambaa, akairudisha mkobani. Alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka, akapanda magari mawili, na tangu saa tatu alikuwa akizunguka mji huu asioujua, ingia duka toka duka, mpaka miguu ikaanza kumlaumu. Jina la Mama Spana alilipata mwaka ule mradi wa maji ulipowafundisha wanawake sita kuitunza pampu ya mkono ya zahanati ya kijijini kwao. Wengine waliolewa mbali, wengine walihama, mmoja alisema wazi kwamba amechoka kunuka grisi. Yeye alibaki na spana mbili na jina.

Wiki iliyopita valvu ya chini, ile inayozuia maji yasirudi kisimani, ilipasuka. Ni kitu cha shaba kisichozidi ngumi ya mtoto, lakini bila hicho unaweza kupampu hadi mabega yateguke na usipate tone. Mabomba ya mradi mpya, yale yaliyozinduliwa kwa hotuba na utepe, hayajawahi kutoa kitu zaidi ya upepo. Kisha akaja mkaguzi wa afya. Aliona ndoo tupu kwenye chumba cha kujifungulia, akaandika kwamba maji yasipopatikana ifikapo Jumatatu chumba kifungwe. Na hakukosea, maana mtu hazalishwi kwa mate. Ila hospitali ya karibu ni mwendo wa nusu siku kwa barabara ya mashimo matupu, na mkaza mwana wa Mama Spana alikuwa ameingia mwezi wa tisa. Binti yake mwenyewe aliipita barabara ile akiwa na uchungu, miaka ile zahanati haina nesi. Alirudi mikono mitupu, na hadi leo hakuna anayemuuliza habari za siku ile.

Leo ilikuwa Ijumaa.

"Mama, ngoja," muuzaji alimwita alipokwisha kufika barabarani. "Umejaribu kwa Mzee Droo? Lile duka la kale nyuma ya soko. Lakini sijui kama bado linauza."

"Duka lisilouza ni duka gani?"

Muuzaji alicheka. "Nenda ukajionee."

Lilikuwa jengo la mawe lenye milango mizito ya mbao na kibao kipya ukutani: JENGO LA KIHISTORIA. Mlangoni palikuwa na meza, na nyuma ya meza binti mwenye beji.

"Karibu, mama. Tiketi."

"Tiketi ya nini? Mimi nataka kununua kitu."

"Kuingia ni kwa tiketi, mama. Ukitaka kupiga picha, hiyo ni nyingine."

Alilipa ile ya kuingia, kwa pesa aliyokuwa ameitengea chakula cha mchana. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Umri wote huo, hakuwahi kulipa kiingilio cha duka la misumari.

Ndani alisahau hasira. Droo zilipanda kutoka sakafuni hadi darini, mamia kwa mamia, na usoni mwa kila moja sampuli ya kilichomo imefungwa kwa waya: bawaba, komeo, kulabu, skrubu za kila unene. Kaunta ilikuwa imelika katikati kwa viwiko vya wateja. Palinukia mafuta ya mashine na kamba za katani. Mtu yeyote aliyewahi kushika spana angetamani kushinda pale siku nzima.

Mzee mmoja mwenye koti la kaki na penseli sikioni alikuwa akiwaonyesha mume na mke, watalii, jinsi misumari ilivyopimwa zamani. Aliimimina kwenye mizani, akaongeza mmoja, akapunguza mmoja, mizani ikasawazika. Watalii walipiga makofi. Mzee aliirudisha misumari yote kwenye droo yake, nao wakatoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Tuanze na mizani au ngazi?"

"Tuanze na hii," alisema Mama Spana, akaifungua valvu juu ya kaunta.

Mzee Droo aliichukua kwa ncha za vidole. Hakutafuta miwani. Sura yake ilibadilika, akawa mtu aliye kazini.

"Inchi mbili na robo. Pampu ya mkono, ile ya mpini mrefu. Ilikuwa inalia ukiinua mpini?"

"Ilikuwa inalia kama mbuzi. Sasa imenyamaza kabisa."

"Imepasuka mdomoni. Hii haiungiki." Alisukuma ngazi yake ya magurudumu, akapanda bila kutazama sampuli yoyote, akachomoa droo nzima na kushuka nayo. Ndani zilikuwamo valvu kumi na mbili, kila moja kwenye karatasi yake ya nta. "Baba aliagiza dazeni mbili. Hizi ndizo zilizobaki."

Machozi yalimlenga Mama Spana. "Mungu mkubwa! Nipe moja, mzee. Bei gani?"

Mzee aligusa stika nyeupe iliyokuwa juu ya karatasi ya kwanza. Ilikuwa na namba. Kila karatasi ilikuwa na yake.

"Haziuzwi, mama."

Akamweleza, macho yakiwa kwenye droo. Kodi ya jengo ilimshinda, wakaja watu wa ofisi ya urithi. Walimwambia duka halitabomolewa, atapewa posho, na yeye na mkewe wataendelea kuishi chumba cha nyuma. Alitia saini. Baadaye ndipo alipojua kwamba hadi misumari imo kwenye mkataba.

"Stika nilibandika kwa mkono wangu, wiki tatu nzima. Mwaka jana nilimuuzia seremala bawaba mbili. Mbili tu, mama! Wanakuja kuhesabu kila Jumamosi. Nikaandikiwa barua: nikirudia, tunatoka chumbani." Nyuma ya pazia mtu alikohoa kikohozi kirefu kilichochoka. "Na mgonjwa wangu huyo nitampeleka wapi?"

"Basi twende kwa mkubwa wao. Nitamwomba mwenyewe."

Msimamizi alikuwa na ofisi katika iliyokuwa stoo ya rangi. Alikuwa kijana wa tai, mpole, na alimsikiliza Mama Spana hadi mwisho bila kumkatiza.

"Andika barua, mama. Kamati hukaa kila baada ya miezi mitatu. Bahati mbaya imekaa juzi."

"Mtoto hasubiri kamati, mwanangu."

"Nakuelewa. Nakuelewa kabisa. Lakini hili si duka tena, ni urithi. Tunawatunzia watoto wetu."

"Watoto wapi? Na hao wanaozaliwa kwetu wamo?"

"Wamo, mama, kwa nini wasiwemo?" Msimamizi alitabasamu kwa wema. "Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi hata kiingilio."

Walirudi kaunta. Mama Spana alianza kuifunga valvu yake mbovu kwenye kitambaa.

"Mkaza mwana wako," mzee aliuliza, "mimba yake ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Mzee Droo alichukua valvu moja kutoka kwenye droo. Aliifungua, akaweka karatasi ya nta kando, akapitisha ukucha kwenye meno ya valvu, akaitia tone la mafuta, akaifuta. Kisha akaifunga kwenye gazeti na kuikaza kwa uzi, fundo moja, kama alivyowafungia maelfu kabla yake.

"Kaza kwa mkono kwanza. Halafu nusu mzunguko kwa spana, usizidishe."

"Mzee, kesho si Jumamosi?"

"Ni Jumamosi."

"Wakihesabu je?"

"Watapata kumi na moja."

Kikohozi kilisikika tena. Mama Spana alilitazama pazia, akainama, akanong'ona. "Basi tuifunge hii mbovu kwenye ile karatasi. Nani atajua?"

Mzee alijinyoosha kama aliyezabwa kofi. "Kwenye droo yangu?"

"Ni kwa ajili ya mama huyo aliyelala—"

"Miaka hamsini na mbili, mama. Kitu kibovu hakijaingia kwenye droo hizi. Siku moja atakuja mtu kama ulivyokuja wewe, ametoka mbali, amechoka. Nimpe mbovu? Waache wahesabu. Kumi na moja nzima zinanitosha."

"Baba," sauti iliita kutoka nyuma ya pazia. "Maji."

Mzee alikwenda. Mama Spana alimsikia akimwinua mkewe, akisema pole, pole, na kikombe kikigonga meno. Droo ilikuwa wazi mbele yake. Karatasi ya nta ilikuwa juu ya kaunta, na namba yake.

Alimfikiria huyo mtu wa siku moja, aliyetoka mbali. Angefika, angekata tiketi, angetazama, angeambiwa aandike barua. Hakuna mtu ambaye angeuziwa kitu kutoka kwenye droo ile, si kesho wala mwaka kesho. Wahesabuji wangehesabu stika, wangeandika kumi na mbili, wangefunga daftari na kwenda kula.

Aliichukua valvu mbovu na kuifunga kwenye karatasi ya nta, akifuata mikunjo ya zamani, akailaza pamoja na zile nzima. Aliona haya kiasi cha kutamani ardhi ipasuke. Mzee huyu alikuwa amempa kila alichonacho, naye alikuwa akimnyang'anya kitu kimoja alichotaka kubaki nacho.

Mzee Droo alirudi akifuta mikono kwenye koti. Alitazama mahali ilipokuwa karatasi. Alitazama droo. Hakuhesabu. Alifungua mdomo kusema neno, halafu akatazama pazia la chumba cha nyuma, akaufunga.

"Nisamehe, mzee."

Aliinyanyua droo kwa mikono miwili, akapanda nayo ngazi taratibu, akaisukuma mahali pake. Hakushuka. Alibaki kule juu ameipa kaunta mgongo.

"Wahi gari, mwanangu," alisema.

Mama Spana aliweka kifurushi cha gazeti mkobani na kuufunga zipu. Mlangoni alipishana na Msimamizi, aliyekuwa akiingiza kundi jipya la wageni.

"Kila mnachokiona humu ni kizima, kama siku kilipoletwa," Msimamizi alikuwa akiwaambia. "Mzee wetu hana hata droo moja yenye kitu kibovu. Mzee, hebu tufungulie moja waone."

Sauti ya mzee ilichelewa kutoka juu ya ngazi.

"Ipi?"

"Yoyote," alisema Msimamizi.