Sauti Chini ya Boneti

Fundi Masikio hakupewa jina hilo kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa nayo hayakuwa haba. Alipewa kwa sababu gari likiingia gereji, kabla dereva hajazima injini, yeye ameshatoa hukumu: plagi imekufa, beringi imekwisha, mkanda umelegea. Na mara nyingi alipatia, hilo tusimnyime. Ila mtu akisifiwa sana kwa kusikiliza, mwisho huacha kusikiliza na kubaki kusikilizwa yeye.

Gari lililomweka roho juu mchana ule lilikuwa la shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Asubuhi mvua ilikuwa inamwagika. Shemeji aliegesha nje ya ofisi moja alikokuwa na shida yake, akamwacha mkewe garini, vioo vimefungwa, injini inaunguruma na feni inapuliza ili kioo cha mbele kisishike ukungu. Foleni ikamweka huko ndani. Aliporudi alimkuta mkewe ameinamia dashibodi kama aliyepitiwa na usingizi. Alipomtikisa, kichwa kikaanguka upande. Akamkimbiza hospitali, kisha akampigia Masikio.

Masikio alifika na kigari chake cha vifaa, ovaroli mwilini, akamkuta mdogo wake kitandani hajitambui. Daktari, mama mmoja mwenye haraka na macho mekundu ya kukosa usingizi, alikuwa anauliza amekula nini, amekunywa nini. Kidude kilichobanwa kidoleni mwa mgonjwa kilionyesha kwamba oksijeni inamtosha, kwa hiyo shaka yote ilihamia tumboni. Hapo ndipo mama mkwe wa mgonjwa alipopata nafasi yake. Alieleza, kwa sauti ya kusikika hadi kitanda cha tatu, jinsi mkwewe alivyogeuka wiki hizi: kila Jumapili akiletwa kwake, anafika kichwa kinamuuma, anatapika, chakula hakigusi. Akirudi nyumbani akilala, anaamka mzima kama hakuna kitu.

"Kichwa gani hicho kinachojua njia ya kwangu tu?" aliuliza. Halafu akashusha sauti na kusema kwamba mtu aliyechoka na ndoa anaweza kumeza chochote.

Shemeji hakumkanya mama yake. Alitazama sakafu, na Masikio akaona kwamba maneno yale yameanza kumwingia. Iliumiza. Dada mtu hajafa wala hajapona, na tayari kesi yake imeshaamuliwa. Masikio aliomba ufunguo wa gari, akasema ataangalia taa ya onyo ya injini, iliyokuwa imewaka tena kwenye dashibodi. Alijijua. Angebaki pale dakika moja zaidi, angemkaba bibi wa watu.

Mvua ilikuwa imekatika, na gari lilikuwa limekaa uwanjani hadi likapoa kabisa. Aliliwasha. Likaanza: tik, tik, tik, tik.

Sauti ile aliijua, na alikumbuka alikoijulia. Mwezi uliopita mdogo wake alileta gari gereji, akasimama mbele ya wateja na kumwambia, "Kaka, kila asubuhi linalia hivi. Na mle ndani kunanuka." Masikio hakufungua hata boneti. Alisema ni tapeti tu, vile vyuma vidogo vinavyosukuma vali, gari likizeeka hugonga kidogo, na kuhusu harufu apunguze manukato. Wateja walicheka. Mdogo wake mwenyewe alicheka, maana tangu utotoni alilelewa kuamini kwamba kaka yake hakosei. Kompyuta ya kusomea makosa ilisema sensa ya oksijeni, volti ya chini. Masikio akabadilisha sensa, akazima taa, akapokea shukrani. Taa iliporudi alisema vipuri vya siku hizi ni feki.

Sasa alichomeka kompyuta ileile na kwa mara ya kwanza akaisoma. Sensa ile hukaa kwenye bomba la moshi, na ikiwa nzima, volti zake hazitulii, hupanda na kushuka muda wote. Hii ililala chini kabisa, sifuri nukta moja, haiinuki. Volti ikilala hivyo, sensa inadai kwamba kwenye moshi kuna hewa safi kupita kiasi. Ile ya kwanza alikuwa ameiita mwongo na kuitupa, na ya pili ilikuja kusema neno lilelile. Mashahidi wawili wasiojuana, na yeye hakimu amewafukuza wote.

Alipuliza mvuke kidogo wa petroli kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Volti zikaruka juu papo hapo, halafu zikashuka. Basi sensa ni nzima na waya ni mzima. Mipira ya hewa aliipapasa mmoja mmoja, haikuvuja. Mafuta yalikuwa yanafika kwa nguvu yake. Ilibaki njia moja tu: hewa inaingia kwenye bomba la moshi kabla ya kufika kwenye sensa. Na palipo na tundu la kuingiza hewa, moshi nao hutokea palepale.

Alizima injini, akalegeza bati la kukinga joto, akamimina maji ya sabuni juu ya kile chuma kinachokusanya moshi unapotoka injini, akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa na kuwasha tena. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, ukingo wake mweusi kwa masizi. Kila tik ilitoa povu. Chuma kilipopata moto kilitanuka, ufa ukajibana na sauti ikafifia, ingawa povu liliendelea kutoka taratibu. Ndiyo maana wenye magari husema gari likifika kwa fundi linanyamaza. Juu ya ufa, kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, palikuwa na tundu la waya ambalo mpira wake ulishaanguka. Ukingo wa tundu ulikuwa mweusi pia, na feni ilikuwa inavuta hewa yake palepale.

Alikimbia. Mlinzi alimwita, hakugeuka. Wauguzi walikuwa wameshaandaa mpira wa kumwosha mgonjwa tumbo.

"Daktari, ni moshi," alisema. "Moshi wa gari ulikuwa unaingia ndani."

Daktari alimtazama kwa muda mfupi tu, akakichomoa kile kidude kidoleni na kukiweka pembeni. Kumbe hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu iliyoshikwa na moshi wa aina ile. Aliagiza barakoa ya oksijeni na damu ipimwe upesi. Mama mkwe alijifunika uso kwa mtandio. Shemeji alisema polepole, kama anayejihesabia makosa, kwamba yeye huendesha kioo chake kikiwa wazi, kiwiko nje, ila mkewe hufunga cha kwake kwa sababu ya vumbi. Kisha akainua macho.

"Si ulisema ni tapeti?"

"Nilisema," Masikio alijibu.

Mdogo wake hakufa. Watu walikuja kumpa hongera Masikio, eti masikio yake yamemwokoa, naye hakujua auweke wapi uso wake. Mgonjwa alifumbua macho, akamtambua mumewe, akamtambua kaka, akakumbuka hata mbuzi wao wa utotoni aliyekula sare ya shule. Lakini mambo mapya hayakumkaa kichwani. Daktari alisema moshi ulikaa muda mrefu, huenda akili itajirudi, huenda isirudi.

Kila asubuhi Masikio hupita kumwona kabla ya kazi. Na kila asubuhi, baada ya salamu, mdogo wake humwuliza, "Kaka, ile sauti ya gari ni ya nini?"

Humjibu kwamba ni ufa, kwamba yeye mgonjwa alisema mapema na kaka hakumsikiliza, kwamba ndio uliomlaza pale. Siku nyingine mdogo wake humpigapiga mkono na kusema yaliyopita si ndwele. Siku nyingine hugeukia ukutani akalia, asitake hata kuguswa. Ikifika mchana yote yameshafutika, msamaha na hasira pamoja.

Shemeji alimsihi aache kumtesa. Amwambie ni tapeti, yaishe, kwani kesho atakumbuka nini? Masikio alijaribu siku moja. Mdogo wake alicheka, kicheko kilekile cha gereji, cha mtu asiye na shaka na kaka yake. Masikio alitoka nje akashika ukuta.

Kesho yake aliulizwa tena. Alivuta kiti, akakaa karibu naye, akaanza kumweleza kuhusu ufa.