Vidole vya Mpiga Chapa

Ile picha ya eksirei ya mikono yangu niliyompelekea mkuu wetu, Bwana Fulgence, aliibandika dirishani, kwenye chumba chetu cha wapiga chapa, ili kila anayeingia aione.

"Tazameni mifupa ya Generosa," alisema. "Mizima kuliko yangu! Ugonjwa gani huu unaoisha saa ya chai?"

Wenzangu wakacheka. Ningemtwanga na taipureta kama ningeweza kuinyanyua.

Ni kweli, ikifika saa nne vidole vililegea, nikapiga chapa kama watu. Lakini asubuhi, hasa mwezi wa sita upepo wa baridi wa Dodoma unapovuma, vilikakamaa na kuuma hata vifungo vya blauzi nikafungiwa na dada yangu. Na mwaka ule shirika letu la umma lilikuwa linatafutiwa mnunuzi. Kila idara iliambiwa ipunguze watu, ianze na wavivu. Mimi jina hilo nilishapewa, na ushahidi ulikuwa dirishani.

Nikaenda hospitali Dar es Salaam. Huko Dokta Asnath, mwanamke asiye na maneno mengi, alinichoma sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, akaniambia nisubiri. Baadaye nikalaza viganja chini ya mashine. Picha ilipotoka, kila kiungo cha vidole kilikuwa na doa jeusi.

"Dawa imekimbilia palipovimba ndani," alisema. "Eksirei inaona mfupa ukishaliwa. Hii inaona mapema. Ukianza vidonge sasa, vidole vyako vitabaki vimenyooka."

Nililia, tena kwa hasira. Nilikuwa namfikiria Fulgence na saa yake ya chai.

Niliporudi niliingia ofisini kwake asubuhi na mapema, sikumwamkia, nikaiweka picha mezani na kumweleza. Aliitazama. Nikangoja angalau aseme pole.

"Kumbe kweli unaumwa," alisema. "Afadhali, umenirahisishia. Mvivu angekata rufaa. Mgonjwa tunampunguza kwa sababu za kiafya." Akanisukumia karatasi aliyoiandika kwa mkono. "Kaipige chapa haraka, mkurugenzi anaisubiri. Ni barua yako."

Jamani! Barua ya kunifukuza, niipige mwenyewe, kwa vidole hivi hivi!

Nikachukua picha yangu na karatasi yake, nikaenda chumbani kwetu, naye nyuma yangu. Nikaibandua ile eksirei dirishani. Kisha nikavuta kiti changu mbele ya taipureta.

"Kaa wewe," nikamwambia. "Vidole hivi daktari amesema bado vinaokolewa. Sivichoshi kwa barua hiyo."

Safari hii hakuna aliyecheka. Akawatazama wapiga chapa wengine mmoja mmoja, na kila mmoja akainamia mashine yake. Mkurugenzi alikuwa anasubiri, basi akakaa. Kidole kimoja kikaanza kuzunguka juu ya herufi, kikitafuta jina langu.

"G iko safu ya katikati, Bwana Fulgence," nikasema. "Tafuta taratibu. Saa ya chai bado."